Kibaraza cha Mkunga: Kila mtu ananiambia nitulie. Natuliaje?

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja kwa sura tofauti. Watu wamechoka, miili imekaza, na walio karibu nao wanawaambia watulie bila kuwaonyesha njia. Mimi nimestaafu kazi ya leba, lakini Jumatano jioni bado nakaa mkekani na wajawazito wa mtaani kwetu hapa Tanga, tunajifunza kulegeza mwili. Ninayoyajibu hapa ndiyo tunayoyafanya pale. Kulegeza mwili kunafunzwa, na anayejifunza mapema ndiye atakayeweza kulegea siku ya shida.

*

Shikamoo Bi Mkunga. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 26. Nauza maandazi, naamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Usiku nikilala tu moyo unaanza kwenda mbio na mawazo yanazunguka: hela ya kujifungulia, mtoto atakuwaje, kesho mafuta ya kukaangia yatapatikana wapi. Mume wangu, mama yangu, hata nesi wa kliniki, wote wananiambia, "Tulia mama, usiwe na mawazo." Naomba unifundishe. Mtu anatuliaje?
Mama Maandazi, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hilo swali sisi wahudumu tulipaswa kukujibu kabla hujauliza. Kumwambia mjamzito asiwe na mawazo wakati kodi na gharama za uzazi zinamsubiri ni kumwongezea wazo jingine, maana sasa ataanza kuwaza kwa nini anawaza. Mawazo hayafukuzwi kwa amri. Tunaanza na mwili, kwa sababu mwili unashikika, na mawazo hupunguza kasi baada yake.

Lakini kabla ya zoezi, tuuangalie huo moyo unaokwenda mbio. Ukienda kliniki uliza damu yako imefika ngapi. Mjamzito mwenye damu chini ya 11 tunasema amepungukiwa, na aliyepungukiwa damu moyo wake hukimbia, huhema kwa kazi ndogo, huchoka bila sababu anayoijua. Hakuna pumzi wala mto utakaoongeza damu. Kama umepewa vidonge vya kuongeza damu, vimeze kwa maji au juisi ya machungwa, usivimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Najua anayeuza maandazi chai iko pembeni yake asubuhi nzima, ndiyo maana nakusisitizia. Na hiyo chai ya rangi nzito, au kahawa, ya mwisho iwe mchana. Mwili wa mjamzito huchukua muda mrefu zaidi kuliko wa mwingine kuiondoa kafeini, kwa hiyo kikombe cha jioni unaweza kuwa nacho mpaka usiku wa manane.

Sasa zoezi. Lala ubavu, wa kushoto au wa kulia, ule unaokupendeza. Usilale chali. Tumbo likishakuwa zito hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na ndiyo sababu kuanzia wiki ya 28 tunawataka wajawazito wauanze usingizi wakiwa wamelala ubavu. Ukizinduka usiku ukajikuta uko chali, usijilaumu, geuka tu uendelee kulala. Chukua kanga mbili. Moja ikunje uiweke katikati ya magoti, nyingine iviringishe uisukume chini ya tumbo upande lilikoangukia. Goti la juu likishainuka hivyo, kiuno hakivutwi tena.

Vuta hewa kwa pua taratibu, ukihesabu moja mpaka nne, mpaka uhisi mbavu za ubavuni zinapanuka. Itoe kwa mdomo uliobana kidogo, kama unayepoza kijiko cha uji wa moto, ukihesabu moja mpaka sita. Usiibane pumzi katikati. Hayo mazoezi ya kubana pumzi kwa hesabu ndefu yanayozunguka kwenye simu waachie wasio na mimba. Kazi kubwa inafanywa na ile pumzi inayotoka. Ukitaka kuhakikisha, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono mahali manesi wanapopimia mapigo: ukivuta hewa, mapigo yanaharakisha kidogo, ukiitoa yanapunguza mwendo. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, ukapita shingoni, ukafika kwenye moyo na matumbo, nao ndio unaoushika moyo kila unapotoa hewa. Kwa hiyo ukiirefusha pumzi inayotoka, unaupa mshipa huo muda mrefu wa kufanya kazi yake. Endelea hivyo dakika tano.

Kisha pita kwenye misuli, toka chini kwenda juu. Vuta vidole vya miguu kuelekea usoni kwako, kaza sekunde tano, achia. Usivinyooshe kwenda mbele, maana kwa mjamzito shavu la mguu hukakamaa hapo hapo na utapiga kelele usiku wa manane. Baada ya kuachia, kaa kimya nusu dakika usifanye chochote. Wengi wanaikosea hapa. Wanakaza vizuri, kisha wanakimbilia msuli unaofuata, na faida yote iko kwenye ile nusu dakika. Fuata mapaja, kaza, achia. Tumbo lipite, halihitaji kubanwa. Kunja ngumi, achia, vidole vibaki wazi. Pandisha mabega mpaka masikioni, yaangushe. Mwisho kunja uso wote, macho, pua, midomo, kisha uachie, meno yaachane, ulimi ulale.

Njia hii ya kukaza na kuachia ni ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago na kuieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1929. Aliona kwamba watu wengi hawajui kama wamekaza. Mimi naliona hilo kila Jumatano. Nikimwambia mama, "Umelegea?" ananijibu, "Nimelegea Bi Mkunga." Namshika kifundo cha mkono na kuuinua mkono wake polepole. Kama mkono unapanda mwepesi, unanisaidia kuuinua, basi bado ameushikilia mwenyewe. Nikiuachia ukabaki hewani, tunacheka wote, tunaanza upya. Siku unapokuwa mzito mkononi mwangu, na ukianguka pwaa juu ya kanga, hapo najua ameujua mwili wake. Mfundishe mumeo akupime hivyo.

Usisubiri usiku wa mawazo ndipo uanze. Ukishamaliza kuuza asubuhi na vyombo vimeoshwa, lala dakika kumi na tano ufanye lote. Mwili ukishaizoea njia mchana, usiku unaikumbuka. Na ile hesabu ya hela ya kujifungulia muiondoe kitandani: kaeni mchana wewe na mumeo na daftari, muulize kituo mnachokitegemea vitu gani mje navyo, muandike kipi kimepatikana na kipi bado. Wazo lililoandikwa halirudi kwa kelele ileile.

*

Bi Mkunga, nina wiki 35. Kichwa kinaniuma siku ya tatu, huku mbele, nimemeza dawa ya maumivu hakiachi. Miguu imevimba lakini naambiwa ni kawaida ya mimba, leo naona na uso umevimba. Nimesikia kuna mazoezi ya pumzi ya kuondoa kichwa. Nifanye mara ngapi kwa siku?
Msomaji, Singida

Huyu nilimpigia simu siku ileile ujumbe wake uliponifikia, nikamwambia aende hospitali saa hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Alikwenda, presha ilikuwa juu, akalazwa. Ameniruhusu nichapishe swali lake kwa ajili yenu.

Mkumbuke hivi: kuanzia wiki ya 20 ya mimba, kichwa kikali kisichoachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokuja. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inatosha kumfanya mkunga asikuache uende nyumbani bila vipimo zaidi. Dawa ya kuzuia degedege lake ipo, ni magnesiamu salfeti, na ni ya hospitali. Hatari haiishi siku ya kujifungua, hata ndani ya arobaini inaweza kukupata. Vilevile kutoka damu, chupa kupasuka kabla ya wakati, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Kwa mambo hayo hakuna zoezi. Hata kama ni usiku, iitwe bodaboda au bajaji, na mfuko wa kliniki ubebwe.

*

Mimi ni mwanaume, mwalimu wa hisabati sekondari. Nasoma safu yako kwa sababu jarida linaletwa nyumbani. Darasa langu moja lina wanafunzi zaidi ya 80, na kipindi cha kusahihisha mitihani shingo inakaza, kichwa kinabana kuanzia kisogoni, mke wangu anasema usiku nasaga meno. Kuna zoezi ninaloweza kufanya nikiwa nimekaa? Ofisi ya walimu haina hata nafasi ya kunyoosha miguu.
Mwalimu, Morogoro

Karibu sana kibarazani, mwalimu. Hapa wanaume wanakaa pia.

Anza na meno. Sasa hivi unaposoma mstari huu, meno ya juu na ya chini yanagusana? Mdomo uliopumzika midomo hufungwa, meno yakaachana, ulimi ukalala. Meno hayana kazi ya kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Anayesahihisha karatasi ngumu huuma meno mchana kutwa bila kujijua, na misuli ya taya inapanda mpaka pembeni mwa kichwa, juu ya masikio; ndiyo kichwa chako hicho kinachobana jioni. Kila unapoandika alama juu ya karatasi ya mwanafunzi, achanisha meno. Alama unaandika tu, basi hiyo ndiyo kengele yako.

Baada ya karatasi kumi, kalamu nyekundu iweke mezani, uiache kabisa, vidole vifunguke. Angalia kitu cha mbali nje ya dirisha. Nyinyi wa Morogoro mna Uluguru mbele yenu, utumieni mlima huo, macho yatoke kwenye sentimita thelathini za karatasi. Pandisha mabega, yaangushe, toa pumzi ndefu mara mbili. Dakika moja imetosha, rudi kazini. Na karatasi uziinue: weka rundo la madaftari chini yake ili shingo isikunjwe saa tatu mfululizo.

Nina wasiwasi na jambo moja ambalo hukulitaja. Walimu wengi niliowahudumia walikuwa na vidonge vya maumivu kwenye droo. Ukivimeza siku nyingi kuliko usizomeza ndani ya mwezi, vidonge vyenyewe huanza kuleta kichwa, na unabaki unaongeza. Kapime macho, kapime presha, na muone daktari wa meno kwa huko kusaga usiku kabla meno hayajaisha.

*

Bi mkubwa, shikamoo. Huku kwetu tukichoka tunajifukiza: maji yaliyochemshwa na majani, unajifunika blanketi mpaka jasho likutoke. Nahisi nina mimba ya mwezi mmoja na nusu. Naweza kuendelea, maana hunituliza sana?
Binti wa Kisauni, Mombasa

Marahaba mwanangu. Simama kwanza. Kujifukiza chini ya blanketi kunapandisha joto la mwili mzima, na katika wiki hizi za mwanzo ndipo uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinajengwa; joto kali halivifai. Majani nayo hatujui yanaingiza nini mwilini. Oga maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wako unaingia na kukaa bila kushtuka, mimina taratibu mabegani na kisogoni. Udi si lazima uache, ila chetezo kiwe chumba kilicho wazi dirisha, nawe usikae juu ya moshi. Na wewe unasema "nahisi": nenda ukapime, uanze kliniki kabla ya wiki ya 12.

*

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa mateso. Nilipigiwa kelele, nikaambiwa nabana miguu namuua mtoto, nikaachwa peke yangu muda mrefu. Sasa nina mimba ya pili, wiki 30. Nikifikiria leba tu mikono inalowa jasho. Rafiki yangu alinifundisha kufumba macho nijione niko mahali patulivu, lakini nikifumba macho narudi kwenye kitanda kilekile. Je, nina kasoro?
Mama wa Pili, Moshi

Huna kasoro, mdogo wangu. Ulitendewa vibaya wakati ambao mtu hana hata nguvu za kusimama akaondoka, na mwili wako umeyaweka. Naandika haya nikiwa mkunga, na naumia kwamba waliokufanyia hivyo walivaa sare kama niliyoivaa mimi. Mama hapigiwi kelele leba. Hakuna haraka wala uchovu unaoruhusu hilo.

Kwako wewe, macho yabaki wazi. Aliyepita kwenye jambo zito akifumba macho hukutana nalo, kwa hiyo usilazimishwe. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, kiganja kimoja kiwe juu ya meza. Taja kwa sauti vitu unavyoviona: pazia la bluu, ndoo, picha ya harusi. Halafu unavyovisikia. Ndipo uingie kwenye pumzi ya kutoa polepole. Ukipata ndoto za kile kitanda, au ukijikuta unakwepa hata kupita karibu na hospitali, mwambie mkunga wa kliniki akupeleke kitengo cha afya ya akili. Ni tiba kama nyingine, na wiki kumi zilizobaki zinatosha kuianza.

Mwaka 1933 daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliandika kwamba hofu huleta kukaza, kukaza huleta maumivu, na maumivu yanazidisha hofu. Kwenye kukaza alisema kweli, nimeishuhudia kazini. Mama akiogopa, adrenalini hupanda na inaweza kuidhoofisha oksitosini, homoni inayoleta uchungu. Uchungu unachelewa na mama anachoka. Lakini maneno ya namna hiyo yamewafanya baadhi ya watu waamini kwamba mama akiumia ni kwa sababu aliogopa, kana kwamba maumivu ni kosa lake. Hilo silikubali hata kidogo. Mfuko wa uzazi unafungua njia kwa nguvu, na nguvu hiyo inauma. Tunachojifunza ni kutoongeza maumivu mengine juu ya hayo.

Sasa tazama uchungu ulivyo. Unapokuwa umekolea, unakuja mara tatu au nne ndani ya dakika kumi, na kila mmoja unakaa kama dakika moja. Piga hesabu: hata ukija mara nne, dakika sita kati ya kumi huna uchungu. Mama aliyekaza kwa hofu hazitumii hizo sita, anakaa akiungoja unaofuata. Tunalolifanyia mazoezi ni hizo dakika za katikati. Uchungu ukiondoka, toa pumzi moja ndefu ya kuuaga, mabega yaanguke, taya liachie, umwegemee aliye nawe kwa uzito wako wote.

Tunalifanya zoezi hili kwa barafu. Shika kipande cha barafu kiganjani dakika moja, mtu akiangalia saa. Mara ya kwanza fanya ulivyozoea, uone jinsi meno yanavyokazana na pumzi inavyokatika. Pumzika dakika mbili. Shika tena, safari hii ukitoa hewa polepole, mkono mwingine ukiwa wazi, na sauti nzito ya chini, "ooo," kutoka kifuani. Baridi ni ileile, ila utaona dakika imepitika. Fanya na huyo utakayekwenda naye leba, ajifunze kukuongoza kwa sauti yake. Ukihisi kizunguzungu au vidole na midomo vinakufa ganzi, unapumua haraka mno, punguza, itaisha. Wapo wanaoingiza dua, tasbihi au mstari wa Zaburi kwenye pumzi inayotoka. Ni njia nzuri sana, kwa sababu maneno unayoyajua kwa moyo yanarefusha pumzi bila wewe kuhesabu.

Na usikubali kulazwa chali tangu mwanzo kama hakuna sababu ya kitabibu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka mama mwenye afya njema aruhusiwe kutembea na kukaa wima, awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe, na akiomba nafuu ya maumivu afundishwe mbinu kama za kulegeza misuli na kupumua. Kwa hiyo unapoomba hivyo huombi upendeleo.

Kabla ya wiki ya 36 nenda kituoni mchana, uombe kuonana na mkunga kiongozi wa wodi ya wazazi. Mwambie kwa kifupi yaliyokupata, na mwambie kitu kimoja au viwili unavyovihitaji: nielezwe kabla ya kupimwa njia, nisiachwe peke yangu. Akikusikiliza vizuri, mwombe akuonyeshe leba ilivyo. Kama hakukusikiliza, na kuna kituo kingine unachoweza kukifikia, kajifungulie huko.

*

Bi Mkunga, mke wangu ana miezi minane. Kiuno kinamuuma, halali, na ananijia juu kwa vitu vidogo. Mama yangu amekuja kutusaidia ila naona nyumba ndiyo imezidi kuwa na joto. Mimi kama mwanaume nifanye nini? Na je, naruhusiwa kuingia naye leba?
Baba Kijacho, Dodoma

Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza.

Jioni mkalishe kwenye kiti akiwa amekigeuza, kifua chake kielekee egemeo, alikumbatie na mto katikati. Pasha mafuta ya nazi kidogo viganjani. Weka viganja pande mbili za uti wa mgongo, si juu ya mfupa wenyewe, na ushuke polepole kutoka mabegani mpaka kiunoni. Mara nyingi wanaume huchua kwa vidole gumba na kwa haraka. Tumia kiganja kizima na uzito wa mwili wako. Ukifika pale chini ambapo kiuno kinakutana na makalio, bana kwa kisigino cha mkono, tulia hapo anapotoa pumzi. Muulize, "Hapa? Zaidi?" na umwamini anavyojibu. Tumbo usilikande, wala asije mtu wa kumkanda tumbo eti amgeuze mtoto. Uchungu ukianza, mkono huohuo, mahali hapohapo, ndio atakaokuwa anauhitaji.

Kuhusu mama: zungumza naye wewe, usimwachie mkeo. Mama aliyesafiri kuja kusaidia anataka kuona ana kazi. Mpe kazi inayojulikana, chakula cha mchana kiwe chake kwa mfano, na umweleze kwamba saa nane mpaka saa tisa mkeo analala na mlango unafungwa, hata wageni wakija. Maji ya kubeba na kuinama sakafuni ni yako. Mengi unayoyaita hasira ni usingizi uliokatika. Lakini ukimwona ana huzuni siku nyingi, zaidi ya wiki mbili, hali, hacheki, anasema afadhali asingekuwepo, usimwite mwenye hasira. Mpeleke hospitali, hiyo ni sonona na inatibika. Akisema hilo la kutokuwepo, mpeleke siku hiyohiyo.

Leba nenda ukaulize mapema, wiki hii. Vituo vingi vya kwetu wodi ni ya wazi, vitanda viko karibu, na mwanaume huzuiwa kwa ajili ya sitara ya wanawake wengine. Vingine vina mapazia na vyumba, na wanaruhusu. Kama kwenu haiwezekani, mkeo achague mwanamke atakayeingia naye, dada yake au hata mama yako ikiwa mtakuwa mmepatana, na achaguliwe sasa ili afanye naye mazoezi ya pumzi na huo mkono wa kiunoni. Wewe ukae nje na simu yenye chaji, kadi ya kliniki, na namba za watu wawili wa kundi la damu linalomfaa mkeo, ambao wamekubali kuja wakiitwa.